Je, Wajua Kwa Nini Nyimbo za Asili za Unyamwezi Hazina Mtunzi?

Ukihudhuria harusi au mkesha wa ngoma katika vijiji vya Uyui, Sikonge au Urambo, kisha ukamwuliza manju, yaani kiongozi wa waimbaji, ni nani aliyetunga wimbo alioumaliza punde, mara nyingi atakujibu kwamba aliukuta kwa wazee. Wazee nao watasema waliukuta. Wengi hudhani kwamba mtunzi alikuwapo na jina lake limesahaulika tu, lakini wimbo wa aina hii kwa kawaida haukutungwa na mtu mmoja kwa siku moja. Uliundwa na watu wengi wakiwa kazini, na kazi iliyouumba kuliko nyingine zote, kwa maoni yangu, ni upagazi.

Kabla ya reli, karibu kila bidhaa iliyosafiri kati ya pwani na maziwa makuu ilibebwa kichwani au begani, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo njiani. Wanyamwezi walikwisha kuanza kushuka pwani na pembe za ndovu mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye wakajulikana kote kuwa mabingwa wa kazi hiyo. Kituo kikuu cha misafara katika nchi yao kilikuwa Kaze, ndani ya utemi wa Unyanyembe, mahali ulipokuja kukua mji wa Tabora. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo Novemba 1857 kwa msafara wa namna hiyo hiyo. Kutoka Bagamoyo hadi huko ni zaidi ya kilomita 700, safari iliyoweza kuchukua miezi miwili au mitatu kwa mtu mwenye mzigo wa kilo 30 hivi.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mjuzi wa njia, aliyejipamba kwa manyoya na kitambaa chekundu ili aonekane kwa mbali, na ambaye mara nyingi alipewa mzigo mwepesi kuliko wenzake. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na wepesi wa mzigo wake si jambo dogo, kwa sababu ulimwachia pumzi ya kuimba mstari mrefu. Aliyebeba pembe ya ndovu begani hakuwa na pumzi hiyo. Aliweza kuitikia maneno mawili matatu, akavuta hewa, akaitikia tena. Ndiyo maana nyimbo hizi zina sehemu mbili zisizolingana. Kiitikio ni kifupi, chepesi kushikwa hata na aliyejiunga na msafara jana, na kinavumilia kurudiwa saa nzima. Mistari ya kiongozi, kwa upande wake, hubadilika kila mara, kwa kuwa kazi yake ni kusema yaliyopo: maji yaliyo mbali, mnyapara mchoyo wa posho, mke aliyeachwa nyumbani, kijiji kinachokaribia.

Mtunzi hupotelea katika mpango huo. Kiongozi mmoja akiugua, mwingine hushika nafasi yake, hukiacha kiitikio kama kilivyo na kuweka mistari yake. Baada ya misafara kumi, aliyeanzisha hakumbukwi tena, na hata angekumbukwa, sehemu kubwa ya maneno yanayoimbwa si yake. Jioni kambini ngoma zilipigwa, wenyeji wakaja kucheza, na kiitikio cha Unyamwezi kikabaki Ugogo au Uzaramo huku cha huko kikipanda na wapagazi kurudi bara. Anayetafuta wimbo wa asili uliokaa mahali pamoja tangu enzi za mababu hatafika mbali katika nchi hii.

Mpagazi huyo huyo, mvua zilipokaribia, alirudi nyumbani kulima, na umbo lile lile la wimbo likaingia shambani. Tazama kikundi kinacholima kwa zamu katika shamba la karanga. Watu wamesimama mstari mmoja, majembe yanapanda pamoja wakati sauti ya manju ikitoka, na yanashuka pamoja juu ya silabi ya kwanza ya kiitikio, kiasi kwamba kishindo cha chuma katika udongo kinakuwa ndicho ngoma. Manju akiona upande mmoja unazembea, anaongeza mwendo au anamtaja mzembe kwa jina ndani ya wimbo, na hapo huhitaji mnyapara. Jirani zao Wasukuma wameufanya ulimaji wa namna hii kuwa ngoma kamili, bugobogobo, ambayo leo huchezwa jukwaani kwa majembe. Kule Ujiji, Burton aliwakuta wapiga makasia wa Ziwa Tanganyika mwaka 1858 wakiimba kwa mpango huo huo wa mmoja kuanza na wengi kuitikia, na hakuufurahia hata kidogo. Lakini yeye hakuwa akipiga kasia.

Zipo nyimbo ambazo hazikutokana na jembe wala mzigo, kama zile za kuzaliwa mapacha, za matambiko ya utemi na za vyama vya waganga wa nyoka. Hizo hulindwa zaidi na hubadilika polepole, kwa kuwa kukosea maneno kunahesabiwa kuwa ni kuharibu dawa.

Miongoni mwa rekodi za kale za waimbaji wa Kinyamwezi zimo zilizofanyika mbali kabisa na Tabora. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alikuwa akitafiti kusini, upande wa Makonde, akiwa na fonografu, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, naye akawarekodi wakiimba. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1909, Erich von Hornbostel, mtafiti wa muziki wa Berlin, alichapisha uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, wakati reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilikuwa bado haijafika kwao.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu kwenye njia hiyo ikafa. Nyimbo hazikufa nayo. Vijana wa Tabora na Kigoma walipokwenda kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge, walikwenda nazo, na mistari ikajaa habari za kambi na mshahara. Kwa hiyo wimbo unaotaja gari moshi au shilingi si lazima uwe mpya: huenda kiitikio chake ni cha kale kuliko sarafu hiyo.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 imelizingatia jambo hili la wimbo usio na mtunzi. Ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na inazuia mtu kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya kimila bila kibali. Manju anayeimba harusini Sikonge hahitaji kibali hicho. Anayeurekodi wimbo huo kama ulivyo ili auuze anakihitaji, lakini sheria hiyo hiyo imemruhusu msanii kuazima sanaa za jadi ili atunge kazi yake mwenyewe.