Mwanajeshi, pima masikio kabla hujavua magwanda

Wastaafu wa jeshi wanaokuja kupimwa kwangu hapa Nakuru, wengi wao waliohudumu Lanet au Gilgil, huwa na ombi moja: “Daktari, niandikie kwamba ni bunduki zilizoniua masikio, nipeleke kwa watu wa pensheni.” Wengi nawaamini. Ila kuamini si ushahidi, na kipimo kina mpaka wake.

Unaingia chumba kisichopitisha kelele, unavaa visikizi, unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio, hata uwe hafifu namna gani. Nakwenda kutoka hezi 250, mlio mzito, hadi 8000, mlio mwembamba sana, sikio moja moja, kisha narudia kwa kifaa kinachotetemesha mfupa nyuma ya sikio. Majibu ya hewani na ya mfupani yakiachana, huenda ni nta iliyoziba au ngoma ya sikio iliyotoboka, na hayo mara nyingi yanatibika. Yakilingana huku yote yako chini, kilichoharibika kiko ndani.

Sikio lililoumizwa na kelele lina sura yake. Mchoro wa majibu yako hutumbukia karibu na hezi 4000, halafu hupanda tena kuelekea 8000. Uzee hauchori hivyo. Mchoro wa uzee huteremka tu kadiri mlio unavyozidi kuwa mwembamba. Tena, aliyekuwa akifyatulia bega la kulia mara nyingi huumia zaidi sikio la kushoto, maana ndilo linaloelekea mtutu huku kichwa kikilikinga la kulia. Nikiyaona hayo mawili pamoja, naandika bila kusita kwamba mchoro unalingana na milio ya bunduki.

Lakini mtu akifika na miaka sabini, uzee umeshaishusha ile 8000 pia, na lile bonde limepotea. Au alistaafu akaendesha mashine ya kusaga unga miaka mingi. Kelele ile nayo huchora bonde lilelile. Hapo haki yake inaponyoka, na inaniuma sana. Ndiyo maana nawasihi walio karibu kustaafu: pimeni sasa, mkatunze nakala pamoja na barua zinazoonyesha mlikuwa kikosi gani na kazi gani, hasa waliokuwa kwenye mizinga au wakufunzi wa shabaha.

Usijitie uziwi kuliko ulio nao. Narudia milio, na majibu ya kweli hayaachani kwa zaidi ya desibeli chache, yaani vipimo vya ukubwa wa sauti. Vipo pia vipimo visivyohitaji jibu lako. Madai ya kweli yakichanganywa na ya kuongezea, yote hushukiwa.

Na kabla ya kuja, kaa mbali na kelele kwa saa 16 hivi. Sikio lililochoka hutoa majibu mabaya kuliko hali yake.