Skrini kubwa haiongezi mwanga

Kamati za makanisa zikishuka Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, kutafuta projekta, huwa zinaamini kwamba picha ikipanuliwa, hata wa kiti cha nyuma ataona. Sivyo. Projekta ina kiasi chake cha mwanga, hupimwa kwa lumeni, na hauongezeki. Ukizidisha upana na urefu wa picha mara 2, eneo linakuwa mara 4, na kila sehemu inabaki na robo ya mwanga.

Halafu kuna jua. Projekta hairushi rangi nyeusi. Weusi unaouona ni sehemu ya skrini isiyomulikwa. Sasa, ibada ya saa nne asubuhi chini ya mabati yenye shiti za kupitisha mwanga, sehemu hiyo ni nyeupe pepepe na maneno ya pambio yamefifia. Mimi ningenunua pazia kwanza.

Ukumbi usiozibika mwanga ndio wa kuwekea ukuta wa LED, yaani skrini ya vitaa vidogo vinavyowaka vyenyewe. Ukiandikwa P4, vitaa vyake vimeachana milimita 4, na aliyekaa karibu kuliko mita 4 hivi ataona nukta nukta. (Kwa kawaida huyo ni mzee wa kanisa.)

Na tafadhali, msibandike wimbo mzima kwenye slaidi moja. Mistari minne inatosha.