Je, Wajua Kwa Nini Amplifaya ya Zamani Huwashwa Kwanza Kupitia Balbu?

Fundi mzoefu akiletewa amplifaya ya miaka ya 1970 iliyokaa stoo muda mrefu, haichomeki moja kwa moja ukutani. Huipitisha kwanza kwenye ubao wenye balbu ya kizamani ya wati 60, ile yenye waya unaong'aa kwa joto, iliyoungwa kwenye waya wa laini (ule unaoleta umeme) kiasi kwamba umeme wote unaokwenda kwenye amplifaya hauna budi kupita ndani ya balbu hiyo. Anayeanza kujifunza ufundi huu angefanya vyema kuwa na ubao kama huo hata kabla ya kununua chuma cha kulehemia.

Siri imo katika waya wa tungsteni. Ukiwa baridi, ukinzani wake, yaani jinsi unavyozuia umeme kupita, ni takriban sehemu moja tu ya kumi ya ule unaokuwa nao ukiwaka sawasawa. Balbu ya wati 60 kwenye umeme wa volti 230 ikiwaka kikamilifu huwa na ukinzani wa omu 880 hivi. Amplifaya nzima isiyopigwa muziki huvuta umeme kidogo, hivyo waya haupati moto mwingi na sehemu kubwa ya volti huifikia amplifaya. Ndani kukiwa na shoti, mkondo hupanda, waya hupata moto, ukinzani huongezeka, na balbu huzibeba karibu volti zote yenyewe. Hata shoti iwe kali namna gani, mkondo hauzidi takriban robo ya ampea. Balbu za LED hazina tabia hii, kwa hiyo hazifai kabisa kwa kazi hiyo.

Huenda mtu akauliza fyuzi ina kazi gani basi. Fyuzi huzuia moto usiwake nyumbani, lakini haina haraka ya kuziokoa transista za kutoa sauti, zile zinazoisukuma spika, ambazo huweza kuungua kabla yake. Hapo ndipo wanaoanza huumia: mtu hubadilisha transista mbili zilizokufa, asigundue kwamba kipinga kidogo (kipande cha kupunguza mkondo) au transista inayoziendesha nayo imekufa, kisha akiwasha, zile mpya huungua papo hapo. Hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa transista nyingi za enzi hizo hazitengenezwi tena na bandia zake zimejaa sokoni.

Tuchukue NAD 3020, amplifaya iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na nguvu ya wati 20 kwa kila upande. Ikiwa nzima, swichi ikibonyezwa balbu humulika ghafla wakati transfoma inaamka na kapasita kubwa (vipande vya kuhifadhi umeme) zinajaa, kisha hufifia hadi kubaki na wekundu hafifu. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, zima mara moja, chomoa, kisha tafuta shoti kwa mita ukianzia kwenye diodi za kugeuza umeme wa ukutani (AC) kuwa wa moja kwa moja (DC) na transista za kutoa sauti. Balbu inayochelewa kufifia nayo ina habari zake: ndani ya kapasita za elektroliti mna safu nyembamba ya oksaidi ya alumini ambayo hudhoofika kifaa kikikaa miaka mingi bila umeme, na hapo kapasita huvujisha mkondo.

Amplifaya za mtumba kutoka Japani zina mtego wa pekee, kwani zile zilizouzwa kwa matumizi ya huko ziliundwa kwa volti 100. Ukiichomeka moja yazo kwenye umeme wa Dar es Salaam au Nairobi, transfoma hulemewa, na hata pasipo ubovu wowote balbu huwaka kwa ukali. Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Ikiwa hakuna swichi ya kuchagua volti, itahitajika transfoma ya kushusha umeme.

Balbu ikishafifia, usiunge spika bado. Pima volti za umeme wa moja kwa moja (DC) kwenye vituo vya spika: zikiwa chini ya milivolti 50 hivi, hali ni nzuri, zikiwa volti kadhaa, spika ikiungwa itaungua. Na kabla ya kugusa chochote ndani, hata baada ya kuchomoa, pima kapasita kubwa, kwa sababu zinaweza kubaki na makumi ya volti kwa muda mrefu. Zitoe umeme huo polepole kwa kipinga cha wati kadhaa, wala si kwa bisibisi, ambayo hutoa cheche na inaweza kuziharibu kapasita zenyewe.