Fitzgerald wa barabara ya Boston si Kennedy

Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakiamini kwamba barabara ya juu ya John F. Fitzgerald, iliyopita katikati ya jiji la Boston, Marekani, ilipewa jina la Rais John F. Kennedy. Kosa hilo linaeleweka, kwani Kennedy naye aliitwa John Fitzgerald. Lakini barabara ilikamilika mwaka 1959, na Kennedy akaingia Ikulu mwaka 1961. Anayekumbukwa ni babu yake mzaa mama, John F. Fitzgerald, meya wa Boston kuanzia 1906 hadi 1908, kisha 1910 hadi 1914.

Inasikitisha kwamba mjukuu amemfunika kiasi hiki. Fitzgerald alizaliwa 1863 katika mtaa wa North End, kwa wazazi wahamiaji kutoka Ireland. Alikuwa anasomea udaktari Harvard baba yake alipofariki. Akaacha masomo ili awalee wadogo zake, akaajiriwa forodhani. Baadaye akawa mbunge kule Washington, ndipo akagombea umeya.

Wapo pia wanaosema alikuwa meya wa kwanza Mwairishi wa Boston. Hapana. Hugh O'Brien, mzaliwa wa Ireland, alishika umeya tangu 1885. Fitzgerald alikuwa wa kwanza miongoni mwa wana wa wahamiaji hao Wakatoliki waliozaliwa Marekani.

Barabara yenyewe, iliyoutenga mtaa wake wa North End na katikati ya jiji, ilibomolewa baada ya magari kuhamishiwa chini ya ardhi. Bustani iliyochukua nafasi yake ina jina la bintiye, Rose, mama wa rais.