Magari 83 Yalivyoshushwa Kwenye Ufa wa Jabali

Gari la farasi lililojaa mizigo likianza kushuka jabali, farasi hawalivuti tena. Lenyewe ndilo linalowasukuma. Hilo ndilo lililowakabili Wamormoni, waumini wa dhehebu lililoanzia Marekani, kusini mwa Utah, Marekani, majira ya baridi ya 1879–1880. Walikuwa watu wapatao 250 na magari 83, wakienda kuanzisha makazi kando ya mto San Juan. Walikadiria wiki sita, safari ikala miezi sita.

Njia ya mkato iliwafikisha ukingoni mwa korongo la mto Colorado, kwenye ufa unaoitwa Hole-in-the-Rock. Maji yalikuwa chini kwa futi 1,000 hivi, na sehemu nyingine mteremko ulikaribia nyuzi 45. Kuupanua ufa kwa nyundo, tindo na baruti kulichukua takribani wiki sita.

Kipande kimoja hakikuwa na pa kukanyaga kabisa. Benjamin Perkins, mchimba makaa ya mawe kutoka Wales, alisimamia kutoboa safu ya matundu kwenye ukuta wa mwamba. Wakapigilia vigingi vya mwaloni, wakalaza magogo juu yake, kisha matawi na mawe. Magurudumu ya ndani yalipita kwenye mfuo uliochongwa jiweni, ya nje yakabebwa na vigingi.

Breki ya kawaida ni kibao kinachobana mkanda wa chuma wa gurudumu la nyuma, na kwa mteremko kama huo ni bure tu. Dawa ni kulifunga gurudumu kwa mnyororo lisizunguke, huku mnyororo ukipita chini yake, hapo linapogusa ardhi, ili ukwaruze. Nyuma, wanaume kumi au zaidi hushika kamba na kuegemea upande wa mlima. Ubaya wa mnyororo ni kwamba hukwangua mchanga na changarawe, kwa hiyo gari la mwisho hukuta jiwe tupu linaloteleza.

Magari ya kwanza yalishuka Januari 26, 1880, yakavushwa mto kwa kivuko cha mbao. Hakuna mtu aliyekufa. Aprili 6 walifika mahali panapoitwa leo Bluff, wakakomea hapo kabla ya kufika walikokusudia, kwa kuwa wanyama walikuwa wamekwisha nguvu. Sehemu ya chini ya njia ile sasa imezamishwa na ziwa Powell. Matundu ya vigingi bado yanaonekana ukutani.