Je, wajua papa wa pwani hugawanaje chakula?

Katika Ghuba ya Meksiko, upande wa Florida nchini Marekani, aina sita za papa wakubwa huwinda kwenye maji yale yale. Ungetegemea mwenye nguvu awafukuze wenzake. Hawafukuzani, na sababu mojawapo ni kwamba wanapokezana zamu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulitumia vipimo vya mwendo vilivyofungwa kwenye mapezi ya papa 172. Kipimo hicho hunasa kila mtikisiko wa mwili, kwa hiyo huonyesha papa anachangamka saa ngapi na anatulia saa ngapi. Papa fahali, yule mnene anayeingia hadi mitoni, alichangamka zaidi asubuhi na mapema. Papa mwenye milia ubavuni, Galeocerdo cuvier, alishika katikati ya mchana. Papa wa mchangani (ni jina la aina, si papa mtoto) akaja alasiri, papa ncha nyeusi jioni, na aina mbili za papa nyundo zikabaki na usiku. Mipaka ya zamu hizi si mikali, kwani saa za jirani huingiliana. Tena kuchangamka si lazima kuwe kula. Kipimo cha mtikisiko hakioni kilichomo tumboni.

Kwa watoto wa papa, suala kubwa ni mahali, maana papa mkubwa humla mdogo bila kujali undugu. Mama akishazaa huondoka. Mtoto hubaki na meno yake na akiba ya mafuta iliyo kwenye ini, basi. Mtoto wa papa fahali hukimbilia mtoni, kwa kuwa mwili wake unaweza kupunguza chumvi na urea iliyomo damuni, jambo ambalo papa wengi hawaliwezi. Mto Zambezi ni maarufu kwa papa hawa. Watoto wa papa nyundo nao hupenda maji machafu yenye matope. Katika ghuba ya Kāneʻohe, Hawaii, hushinda karibu na sakafu wakila kamba wadogo na visamaki vinavyoishi kwenye mashimo ya tope. Hapo adui hawaoni kwa urahisi, lakini chakula ni cha shida: wengi hupungua uzito baada ya kuzaliwa, na wasiojifunza kuwinda kabla akiba ya ini haijaisha hufa. Wanaosema mazalia ya papa ni mahali pa shibe wanakosea. Mara nyingi ni mahali pa kujificha tu.

Mgawanyo wa chakula wenyewe si sheria ya kuzaliwa nayo. Kisiwani Moorea, Polinesia ya Ufaransa, watoto wa papa ncha nyeusi wa mwambani na wa papa limau huishi kwenye maji ya kina kifupi, mahali pengine pamoja, pengine kila aina peke yake. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba wanapokutana, milo yao huachana: papa limau hupanda ngazi ya chakula, yaani hula viumbe ambao nao ni walaji wa wengine, na ncha nyeusi hushuka. Hata hivyo, ukubwa na afya ya miili yao havikuonyesha kuathirika.

Ngazi hiyo hujulikanaje bila kupasua tumbo? Huchukuliwa damu au kipande kidogo cha nyama, kisha hupimwa naitrojeni nzito, yaani aina ya naitrojeni yenye uzito zaidi kidogo kuliko ya kawaida, ambayo huongezeka kila kiumbe kimoja kinapomla kingine. Kaboni nayo huonyesha chakula kilianzia wapi, maana nyasi za baharini na mikoko haziachi alama sawa. Plazma, yaani majimaji ya damu, husimulia mlo wa karibuni, nyama husimulia wa muda mrefu zaidi. Kosa la kawaida ni kusahau urea, takataka yenye naitrojeni ambayo wanyama wengi huitoa kwa mkojo. Papa huihifadhi mwilini ili asikaushwe na chumvi ya bahari, na ndiyo ikioza hutoa ile harufu kali ya papa mkavu inayojulikana sokoni. Naitrojeni nzito iliyomo kwenye urea ni chache, hivyo nyama isiyooshwa vizuri kwa maji safi humfanya papa aonekane anakula vya ngazi ya chini kuliko ukweli. Mafuta pia huvuruga kipimo cha kaboni, nayo huondolewa kwanza.

Anayehesabu papa kwenye diko, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, la Afrika Mashariki ana mtego wake pia. Jarife, wavu wa kunasia samaki wakubwa, likitegwa jua linapozama na kuvutwa alfajiri hukutana na zamu ya usiku peke yake, tena kwa kina kimoja. Daftari lenye idadi na aina tu halitoshi. Liandikwe na saa ya kutega, saa ya kuvuta, kina, na kama ni bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo).