Unaingia bure, unakula bata? Dhana potofu kuhusu waandishi wa muziki na wapanga matamasha

Vijana wengi siku hizi wanauliza wafanyeje wawe waandishi wa muziki, au wawe wale watu wanaochagua nani apande jukwaani kwenye tamasha, na ukiwasikiliza unaona kabisa picha waliyonayo sio yenyewe, kwa hiyo ngoja niseme hii kazi ilivyo.

Dhana inayoniuma kuliko zote ni kwamba kuandika muziki ni udaku. Nani kaachana na nani, nani kanunua gari, nani kamchana nani insta. Jamani hapana. Shaaban Robert, huyuhuyu tunayemsoma shuleni, aliandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya yule mama aliyetoka Fumba akiuza vyungu akaja kuwa sauti ya Unguja, na mwaka 1928 akavuka na wenzake mpaka Bombay kurekodi santuri. Huo ni uandishi wa muziki na umeandikwa kwa Kiswahili chetu, sasa sisi tunashindwaje? Kazi yenyewe ni kusikiliza kwanza, halafu kuuliza vya maana. Ukikutana na mzee wa dansi ukamwambia tu "mashabiki wakae mkao wa kula?" umepoteza jioni yake na yako. Muulize nani alipiga solo, wimbo ulitungwa wapi, nani alimfundisha. Marehemu Muhidin Gurumo, mwimbaji wa dansi, alipita bendi ya NUTA Jazz, mwaka 1978 akawa na bendi ya Mlimani Park, baadaye akarudi Msondo, ndio ileile NUTA iliyobadilishwa jina, na mtu kama huyo kichwani ana historia ya muziki wa mjini Dar ambayo nyingi haijaandikwa popote. Nyimbo zenyewe zilirekodiwa studio za RTD, yaani Redio Tanzania Dar es Salaam, ndio maana tunazo hadi leo, lakini jina la aliyepiga besi mara nyingi hulioni, lazima mtu akaulize wakati wazee bado wapo.

Kuhusu kuingia bure na kula bata, ni kweli geti hulipii. Ila uko pale tangu saundi cheki, shoo ikiisha wenzako wanalala wewe unaandika, na malipo ya stori moja hayalipi kodi ya nyumba, wengi wetu tunashika na redio, tafsiri, kazi za matangazo, chochote halali.

Halafu kuna hii ya "mpangaji anawaita washkaji zake". Nielewe, upendeleo upo sehemu nyingine na ni aibu. Lakini angalia tamasha la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe Zanzibar, iliyoanza 2004, wao wasanii wanaomba, kazi zao zinasikilizwa, na sharti kubwa ni kupiga laivu, pleibeki hakuna. Hilo sharti peke yake linabadilisha kila kitu, msanii ana hit inapigwa kila daladala lakini hajawahi kukaa na bendi hata siku moja, utampandishaje? Na ukishampenda mtu kazi ndio inaanza. Wako wangapi, pasipoti wanazo, viza je, ngoma zao zinaingia kwenye ndege, wanahitaji maiki ngapi, na nani atapiga kabla yao. Mpangilio wa usiku ni sanaa kwa kweli, huwezi kuweka taarab ya viti na fidla katikati ya vikundi viwili vya singeli, muziki ule wa kasi, ukategemea watu watulie wasikilize mashairi. Unaiweka mapema, watu bado wanaingia, upepo wa Forodhani unapuliza, wanakaa wenyewe.

Nyingine ni kwamba watu wakijaa, tamasha limepata faida. Hii watu wanaiamini sana!! Kwenye matamasha kama hayo mwenyeji anawekewa bei ya chini kuliko mgeni, na ndivyo inavyotakiwa, maana tamasha lililoko Unguja halafu Waunguja wako nje ya ukuta lina faida gani. Lakini ina maana kiingilio hakiwezi kubeba ndege, hoteli, vyombo na mafundi, lazima wawepo wafadhili na wadhamini. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa sababu pesa haikutimia, tamasha lenye jina dunia nzima, na watu wakiipenda vilevile, likarudi 2017. Kwa hiyo mpangaji anayejua muziki tu na hajui kuandika bajeti au ripoti ya mfadhili, atapata tabu sana.

Ya mwisho, eti mwandishi hawezi kuwa mpangaji. Anaweza, na wengi wanavuka hivyo hivyo, kwa sababu miaka ya kuhudhuria shoo ndogo za baa na kumbi za mtaani inakupa masikio ambayo hayauzwi. Mipaka tu ndio iwe wazi. Msanii uliyempangia shoo usimwandikie sifa gazetini, na bahasha usipokee, awe promota awe meneja, hata kama anasema ni nauli. Ukishapokea, msomaji hawezi tena kujua unaposema albamu ni nzuri kama ni sikio lako au ni ile nauli. Na kama unataka kuanza, wiki hii hii nenda kwenye mazoezi ya bendi iliyo karibu na kwako, omba ruhusa ukae, na kabla hujaondoka andika majina ya wapigaji wote, na nani anapiga nini.